Msalaba Usio na Tarehe

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mvua nyembamba isiyo na upepo ilikuwa imeanza kunyesha, nami nilisimama mlangoni mwa nyumba ya rafiki yangu nikiwa na mkoba wa ngozi mkononi, ndani yake chupa ya dawa ya wiki nzima. Nilibisha mara tatu. Hubisha mara tatu popote niendapo. Shuleni ndivyo tulivyofunzwa, na sijaona sababu ya kubadilika.

Mimi ni mfamasia wa hospitali ya misheni. Kwa miaka kumi na tisa nimechanganya mofini ya maji kwa ajili ya wagonjwa ambao madaktari hawana tena la kuwafanyia isipokuwa kuwatuliza. Utaratibu wangu ni mmoja, na haujui ndugu wala jirani: chupa mpya haitoki mpaka ya zamani irudi. Naipokea, naiinua kwenye mwanga, natazama kilichobaki, naandika. Dawa hii ikishikwa vizuri ni rehema. Ikishikwa vibaya inachimba kaburi.

Mgonjwa wangu wa Jumanne alikuwa Kalamu. Hilo silo jina alilobatizwa. Ni jina tulilompa bwenini kwa sababu ya mwandiko wake, ulionyooka na kupendeza kiasi kwamba walimu walimwachia kuandika vyeti vya shule nzima. Mimi waliniita Rula. Sikulichukia jina hilo. Anayechukia rula ni mstari uliopinda.

Mwandiko ndio uliomlisha maishani. Aliandika mabango ya maduka, milango ya malori, bei za vinyozi, na zaidi ya yote aliandika misalaba ya makaburini. Saratani iliyoanzia kwenye tezi dume ilikuwa imekwisha kuingia mifupani, ikamlaza kwenye kitanda cha chuma katika chumba cha mbele, katikati ya makopo ya rangi yaliyokauka na brashi zilizosimama kwenye chupa kama maua yaliyosahauliwa. Nyuma ya mlango palikuwa na msalaba wake mwenyewe. Aliuandika mwezi wa Desemba, mkono ukiwa bado unamtii: jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, na chini yake neno "Amefariki", likifuatiwa na nafasi tupu.

"Umechelewa dakika tano, Rula," alisema bila kugeuza kichwa.

"Nimefika saa kumi na ishirini. Ndivyo nifikavyo kila Jumanne."

"Basi ni saa yangu inayokimbia. Ina haraka kuliko mwenyewe."

Dada yake, mjane aliyevuka miaka sabini, ambaye wote tulimwita Dada Mkubwa, alitoka jikoni na chupa ya zamani. "Hii hapa, mdogo wangu. Tupu, nimeisuuza unavyopenda."

Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa tupu kweli. Chupa za Kalamu hazikuwahi kurudi na tone, wala hakuwahi kuomba nyingine kabla ya siku yake. Nilikuwa nimewaambia wauguzi wa zamu, tena kwa majivuno, kwamba kama wanataka kuona mgonjwa mwenye nidhamu waende wakamtazame mtu aliyesoma tulikosoma sisi. Jambo moja tu lilinisumbua: kila wiki alikuwa amekonda zaidi, mashavu yameingia ndani, na midomo ina alama za meno. Daktari alikuwa amempandishia kipimo mara mbili. Dawa ilipanda, na maumivu nayo yakapanda, kama watu wawili wanaoshindana kupanda ngazi.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Dada Mkubwa kufagia kanisa. Alijifunga mtandio, akachukua mwavuli, kisha, kama alivyofanya kila atokapo, akaiendea altare ndogo kwenye kona karibu na kichwa cha kitanda. Pale palikuwa na msalaba wa meza, rozari, mshumaa uliobaki nusu, na chupa ya plastiki ya maji ya baraka yenye umbo la Bikira Maria, kifuniko chake taji la buluu. Alifungua taji, akamimina kidogo kiganjani, akanyunyiza kitanda, ukuta, makopo ya rangi na mimi.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Bwana akulinde mpaka nirudi."

"Amina," nilijibu.

Kalamu hakujibu. Alikuwa akicheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka maumivu yakamkamata kiunoni na kicheko kikageuka mluzi mwembamba kati ya meno.

"Mwache," Dada Mkubwa aliniambia mlangoni. "Siku hizi akinyunyiziwa anacheka. Nasema afadhali. Wengine wanalia."

Alipokwisha kwenda nilivuta kiti. Nilimwuliza kuna nini cha kuchekesha katika maji ya baraka.

"Ilambe," alisema.

"Nilambe nini?"

"Hiyo chupa, mwalimu wa dawa. Chovya kidole, ukilambe."

Nilisimama, nikafungua lile taji, nikachovya ncha ya kidole. Nadhani ulimi ulijua kabla yangu. Uchungu wa dawa ile siwezi kuukosea. Nimeuonja kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, maana sitoi nisichokionja. Nilibaki nimekishika kile kisanamu mkononi.

Alinieleza taratibu, akipumzika kila baada ya sentensi. Tangu katikati ya Januari alikuwa akinywa sehemu tu ya dawa yake, nyingine akiiweka. Alijipimia mwenyewe, kwa kuwa hakutaka kunyweshwa kama mtoto, na dada yake hakuwa mtu wa kumwuliza swali. Pale kwenye altare palikuwa na chupa mbili za maji ya baraka. Moja ndiyo iliyotumika. Nyingine, hii yenye taji, ilikaa tupu nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu tangu Krismasi, wala hakuna aliyeikumbuka. Akaona hapo ndipo mahali salama. Dawa yenyewe haina rangi. Wiki kwa wiki aliijaza, akilipa kila tone kwa usiku mzima wa kuuma shuka.

"Nilikuwa nimebakiza wiki moja," alisema. "Moja tu. Kisha ningekunywa yote nikalala. Basi Kwaresima ikaingia, maji ya Dada yakaisha. Akatafuta, akakuta chupa imejaa. Unajua alisema nini? Alipiga magoti. Alisema, Mungu wangu, umejaza chombo cha mjane."

"Tangu lini?"

"Siku ya kumi leo. Siku ya kwanza nilikuwa nimefumba macho. Tone likaangukia mdomoni. Likawa chungu." Alifumba macho tena, kana kwamba bado analisikia. "Wiki saba za maumivu yangu, Rula. Amezinyunyiza ukutani. Amewanyunyizia kuku. Juzi alikuja fundi wa bomba, akambariki na huyo."

Sikucheka. Nilitazama kile kisanamu: kilichobaki hakikufika upana wa kidole.

"Kwa nini hukumzuia?"

"Ningemwambia nini? Dada, acha, hayo ni mauti yangu?"

Nje mvua ilikuwa ikigonga bati bila kuongeza wala kupunguza. Nilijua atakalolisema kabla hajalisema, na nilitamani, kwa dakika moja, niwe mtu mwenye shughuli mahali pengine.

"Nitengenezee moja," alisema. "Kali. Ya mara moja. Huhitaji hata kuninywesha. Iweke hapo uende zako na mkoba wako."

"Hapana."

"Usijibu upesi hivyo. Unanidai wewe, au nakudai mimi?"

"Wewe unanidai."

"Haya. Basi leo nimekuja kudai."

Lazima nilieleze deni hilo, ingawa halinipi sifa. Tulipokuwa kidato cha nne, mwenzetu mmoja alishikwa na homa. Padre Mlezi, aliyesimamia nidhamu, aliamini kwamba anajisingizia ili akwepe kazi ya shamba, akaamuru apigishwe magoti kwenye kokoto mbele ya kanisa kila wakati wa sala, asubuhi na jioni. Siku ya tatu kijana yule hakuweza tena kugeuza shingo. Mimi ndimi niliyetunga barua kwa Askofu. Nilikuwa na lugha. Kalamu aliinakili, kwa kuwa nilitaka isomeke kama waraka wa watu wenye heshima, nami mwandiko wangu ni kama nyayo za kuku. Askofu alituma gari. Kijana akapelekwa hospitali, akakutwa na homa ya uti wa mgongo, akapona. Leo ana wajukuu.

Lakini barua isiyo na jina ilikuwa kosa kubwa shuleni kwetu. Ilipofika mikononi mwake, Padre Mlezi alipanga madaftari mezani, akaujua mwandiko kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kwenye gwaride la asubuhi aliuliza, "Maneno haya ni ya nani?" Kalamu akajibu, "Yangu, Padre." Mimi nilikuwa mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, viatu vyangu vimeng'aa. Alifukuzwa zikiwa zimebaki wiki tatu tufanye mtihani wa mwisho. Nimejipa sababu nyingi baadaye: mama yangu alikuwa mjane, ada yangu ililipwa na misheni, baba yake alikuwa na duka. Ukweli ni kwamba asubuhi ile niliogopa, na nilipoacha kuogopa lori la shule lilikuwa limekwisha kumpeleka stendi.

Miaka arobaini hakulitaja. Hata siku moja.

"Nakumbuka sentensi moja," Kalamu alisema sasa. "Uhai wa mwanafunzi huyu hamkuuumba ninyi, wala hamna ruhusa ya kuuchezea. Nzuri sana ile. Nilikaza herufi zake kweli kweli."

"Bado ni kweli."

"Kwa nani? Wewe uliitunga, jioni ukala maharage. Mimi niliinakili, nikalala stendi. Nimeilipia, bwana. Ni haki yangu kusema imetosha."

"Ingekuwa ya uongo ungeilipia bure. Kama uhai wa yule haukuwa mali ya Padre Mlezi, wa kwako nao si mali yangu."

"Ni mali yangu."

"Si yako pia. Umekabidhiwa."

"Basi aliyenikabidhi aje achukue. Mbona anachelewa? Tarehe nimemwachia nafasi." Alielekeza kidevu chake kwenye msalaba nyuma ya mlango. "Nimechoka kumsubiri kama fundi asubirivyo mteja."

Nilimweleza nilichoweza. Nilimwambia kwamba Kanisa halimkatazi nafuu. Kwamba akinywa dawa yake yote daktari atampandishia kadiri maumivu yatakavyodai, hata kama atalala mchana kutwa, hata kama usingizi huo utafupisha safari. Kutuliza ni jambo moja, kuua ni jingine, na mpaka kati ya hayo mawili ndio nilioulinda miaka yote. Nilisema kwa ufasaha. Nilijisikia nikisema kwa ufasaha, na nikajionea aibu.

"Umewahi kuumwa mfupa, Rula?"

"Sijawahi."

"Basi funga kitabu."

Nilivuta kiti karibu zaidi. Kisha nikamwambia kwamba deni sikulikana, na kwamba nilikuwa tayari kulilipa kwa namna nyingine. Ningemwambia Dada Mkubwa ukweli jioni ile ile. Ningesimama mbele ya chama cha wanafunzi wa zamani, ambacho mimi ni mwenyekiti wake, nikatamka kwamba barua ilikuwa yangu na kwamba nilimwacha mwenzangu afukuzwe.

Aligeuza kichwa, kwa mara ya kwanza siku ile. Kitendo hicho kilimgharimu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Thubutu," alisema.

"Kwa nini?"

"Tangu siku ile Dada anajua kwamba mdogo wake aliandika barua ikamwokoa mtu. Anawasimulia wenzake kanisani mpaka leo. Mabango yangu yote mvua imeyafuta. Misalaba imeliwa na mchwa. Hicho ndicho kilichobaki. Ukisema ni chako, mimi nimefanya nini duniani? Nimenakili?" Alivuta pumzi. "Mara ya kwanza ulininyima sauti yako. Mara hii usinipe."

"Basi sina kingine cha kulipa."

"Unacho. Kiko kwenye kabati lako, na funguo ziko mfukoni."

Zilikuwa mfukoni kweli. Nilizihisi zikinigusa paja.

"Kalamu," nilisema, "hilo sitalifanya. Si leo, si ukiniomba kesho, si ukilia."

Alinitazama. Sikuona hasira katika macho yake, ningeipokea hasira. Niliona kitu kama kile anachofanya mwandishi wa mabango anapogundua kwamba ubao aliopewa umeoza: anaupima, anauacha, anarudisha brashi kwenye chupa. Kisha akageukia ukuta.

Nilimwaga mabaki ya kile kisanamu, nikakisuuza mara tatu. Nilipokuwa nikirudi nilipita kanisani, nikamwomba Paroko abariki maji, nikakijaza, nikamkabidhi Dada Mkubwa aliyekuwa akiweka ufagio kando. Nilimwambia nimeona yamekaribia kuisha. Alinishukuru akasema nina moyo.

Asubuhi yake nilimweleza daktari. Tangu siku hiyo dawa ya Kalamu haikukaa tena nyumbani. Niliipeleka mwenyewe, asubuhi na jioni, nikamnywesha kwa kijiko kama mtoto, jambo lile lile aliloliogopa kuliko yote. Hakukataa. Alifungua mdomo, akameza, akaufunga. Hakunisemesha tena. Nilimsalimu kila nilipoingia, na salamu yangu ilibaki hewani kama nguo ya mtu aliyehama.

Ijumaa Paroko alimletea Ekaristi, kama kila Ijumaa. Dada Mkubwa aliwasha mshumaa, akatandika kitambaa cheupe. Kalamu alibaki ameelekea ukutani. Paroko alimwita kwa upole, mara ya kwanza na ya pili, akasubiri, akaondoka na alichokuja nacho. Ijumaa iliyofuata ilikuwa vilevile. Dada Mkubwa alinishika mkono uani.

"Tangu ubatizo wake hajawahi kukataa Komunyo, mdogo wangu. Hata alipofukuzwa shule, Jumapili yake alikwenda. Nini kimempata?"

Nilitazama mlango wa chumba cha mbele. Kalamu alifungua mdomo kwa kijiko changu, hakuufungua kwa Mwili wa Bwana, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba mdomo uliofunguka na mdomo uliofungwa vilikuwa vikisema neno moja: imetosha.

Dawa ilipanda kama nilivyoahidi. Kwa siku kumi na moja ilimtosha kiasi. Kisha saratani ikafika kwenye uti wa mgongo, na siku mbili za mwisho hapakuwa na kipimo kilichomfikia. Alipiga kelele. Majirani walifunga madirisha, mchana, katika joto. Nilikuwapo siku zote mbili. Nilikaa kwenye kiti kile kile na funguo zile zile mfukoni. Dada Mkubwa alinyunyiza maji ya baraka, nayo safari hii yalikuwa maji. Nilisali. Sitamdanganya msomaji kwamba nilisikia jibu.

Paroko alimpaka mafuta matakatifu alipokuwa hajitambui tena. Alisema Kanisa lina matumaini hata pale mtu anapokuwa hana. Nilisema amina, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Alifariki Alhamisi, tarehe 30 Machi, saa tatu asubuhi, jua likiwa limeiva.

Mchana wake Dada Mkubwa aliutoa msalaba nyuma ya mlango, akaulaza juu ya meza, akafungua kopo pekee la rangi nyeusi ambalo halijakauka. "Andika wewe tarehe," alisema. "Mwandiko wako mbaya, alikuwa akikucheka kila siku, lakini angalau mikono yako haitetemeki."

Niliichovya brashi. Niliweka rula chini ya neno "Amefariki" nikaandika polepole, tarakimu kwa tarakimu. Zilitoka zimeinama, nyingine nene, nyingine nyembamba, chini ya herufi zake zilizosimama kama askari wa gwaride. Mtu yeyote apitaye makaburini ataona kwamba mikono miwili imeuandika msalaba ule, na kwamba wa pili haukustahili.

Dada Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu akiushika ule mwavuli wake, ingawa hakukuwa na mvua.

"Siku zile mbili," alisema, "alikuwa akisema, Rula, lipa. Rula, lipa. Nilidhani ni homa. Kweli alikuwa akikudai?"

"Ndiyo, Dada."

"Fedha?"

"Si fedha."

"Sasa utalilipa vipi, na mwenyewe amekwenda? Utamtolea Misa?"

Niliichovya brashi kwenye mafuta ya taa, nikaifuta kwa kitambaa mpaka ikawa safi, nikairudisha kwenye chupa ilikokuwa.

"Misa nitamtolea," nilisema, "lakini si kwa ajili ya deni. Deni aliniomba nimlipe akiwa hai, nikakataa."